Baba yake hataki kutia saini

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku wa manane, daftari liko mbele yangu. Nimelichora safu mbili za gharama za binti yetu: moja ya kwangu, moja ya baba watoto. Leo ni usiku wa tatu najumlisha, na jibu ni lile lile. Ananizidi.

Tuliachana miaka sita iliyopita, huku huku Marekani. Binti yetu anaishi nami, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na amepata nafasi chuoni kusomea uuguzi. Mimi nahudumia wazee majumbani, nalipwa kwa saa. Bila msaada wa serikali, chuo hatukiwezi. Msaada huo mlango wake ni fomu ya FAFSA. Kuijaza ni bure, na kwa fomu hiyo ndipo wanapopima kama mtoto atapata ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, au mkopo, au vyote viwili.

Zamani, wazazi wakiwa wameachana, fomu ilimtaka yule ambaye mtoto amekaa naye zaidi. Tangu mwaka wa masomo wa 2024–25 anatakiwa aliyemgharamia zaidi katika miezi 12 iliyopita. Pango, chakula, nguo, matibabu, vyote vinahesabiwa. Na baba yake, niseme haki ya Mungu, hajawahi kumtupa mtoto. Sehemu kubwa ya pango letu hutoka kwake, na bima ya afya ya binti pia. Nimepekua risiti mpaka zile zilizofifia wino. Tofauti yetu ni dola mia nne na kidogo.

Basi binti akamwandika baba yake kwenye fomu. Alichotakiwa ni kufungua akaunti, kuridhia mapato yake ya 2024 yachukuliwe moja kwa moja kutoka idara ya kodi, na kutia saini. Amegoma. "Mambo yangu ya kodi ni yangu," aliniambia kwenye simu, "na mke wangu hataki mshahara wake uingizwe humo." Ni kweli ameoa, na mapato ya mkewe yanahesabiwa pamoja na yake. Nikamweleza kwamba idara hiyo ya kodi tayari inazo taarifa zake, na kwamba saini haimfungi kulipa hata senti moja ya ada. Akanyamaza kidogo, akauliza mama yangu anaendeleaje, tukaagana.

Asiporidhia, Pell hakuna. Ruzuku hiyo hufika hadi dola 7,395 kwa mwaka. Kitakachobaki, na hicho ni mpaka ofisi ya misaada ya chuo ikubali, ni mkopo usiozidi dola 5,500 mwaka wa kwanza, ule ambao riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotoka.

Rafiki yangu ananiambia, "Mfute huyo, jiandike wewe. Nani atakuja kuhesabu risiti zako?" Shangazi, sikufichi, nililala na wazo hilo. Kwa mapato yangu peke yangu huenda mtoto angepata ruzuku nzuri, na kwa mapato ya baba na mkewe huenda asipate kitu hata saini ikitiwa. Lakini anayesema uongo kwa makusudi kwenye fomu ile anaweza kutozwa faini hadi dola 20,000, au kufungwa. Na jina la kwanza pale ni la binti yangu. Siwezi kumwanzishia maisha kwa uongo wenye saini yake.

Jana nilimkuta mezani, ukurasa umefunguka, sehemu ya baba bado haijakamilika. Aliponiona akafunika kompyuta. "Nitafanya kazi kwanza mwaka mmoja, mama. Hamna neno." Ana miaka 17. Alisema huku anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza, na mimi nikajifanya natafuta funguo.

Chuo kimetupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nimefikiria kumtuma kaka mkubwa wa baba watoto, maana huyo anamsikiliza. Nimefikiria pia kumwendea mkewe mwenyewe, ingawa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, naye asije akadhani nimekuja kuchungulia nyumba yake. Wewe ungeanzia kwa nani?

Tena kuna jambo jingine linanikosesha usingizi. Nikichukua zamu za usiku, pango la mwezi huu naweza kulilipa lote mwenyewe, nikamwambia baba watoto asilete. Fomu ikijazwa baada ya hapo, hesabu ya miezi 12 itageuka, nami nitakuwa ndiye niliyegharamia zaidi, kweli kabisa, risiti ninazo. Hakuna uongo hapo. Mbona basi moyo unanisuta kana kwamba nimeiba? Nikifanya hivyo nitakuwa nimemtendea haki mtoto, au nitakuwa nimeikwepa sheria kwa mlango wa nyuma?

Mama wa binti mmoja