Mashauri ya wafungwa yapate msikilizaji huru

Mhariri,

Naomba nafasi niizungumzie kazi ya maofisa wanaosikiliza mashauri ya nidhamu magerezani. Mfungwa anapodaiwa kumtukana askari au kukutwa na simu, anayemhukumu mara nyingi ni mkuu wa gereza lilelile, bosi wa askari aliyemshtaki, na hukumu hiyo inaweza kumpotezea msamaha wa kifungo aliokuwa akiuhesabia siku. Simlaumu ofisa huyo, kwa kuwa amebebeshwa kazi mbili zisizopatana.

Uingereza ililijua jambo hili kwa gharama: mwaka 2003, katika shauri la Ezeh na Connors, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba wafungwa hao, walioongezewa siku 40 na siku 7, walikosewa kwa kunyimwa wakili. Huko sasa siku za nyongeza hutolewa na hakimu anayetoka nje ya gereza.

Kanuni za Mandela za mwaka 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinataka mfungwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa na apewe muda wa kuandaa utetezi. Wakati tukimsubiri msikilizaji huru, basi angalau mwenendo wa kila shauri uandikwe, na mfungwa apewe nakala mapema, akiwa bado anaweza kukata rufaa.

Msomaji wako,
Tanga