Mauser yako na Lee-Enfield yangu

Chumbageni, Tanga

Swahiba wangu,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wameshafungua shule, na tunaingoja vuli ambayo mwaka huu inajivuta. Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimesimama mlangoni na funguo mkononi. Kurasa tatu nzima za kuitetea Mauser ya 98, bunduki ya Mjerumani ya mwaka 1898! Na mwishoni ukasema anayebisha alete bunduki yake mezani. Basi naileta, Lee-Enfield ya Mwingereza, ila nivumilie, maana kwetu Tanga habari hii haizungumzwi kwa mkato.

Kwanza nikupe haki yako. Mauser ya 98 ni kazi ya fundi aliyekwisha kufikiri hadi mwisho. Komeo lake, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachoifungia risasi ndani, linafunga kwa mbele, kwa meno mawili yanayokamata karibu kabisa na chemba, na jino la tatu limewekwa nyuma kama akiba, ili yale mawili yakivunjika komeo lisimrudie mpigaji usoni. Ule ukucha mpana wa pembeni unaidaka risasi inapotoka tu kwenye magazini na hauiachii hadi ganda linaporushwa nje. Risasi zake nazo hazina ukingo kitakoni, kwa hiyo zinapishana bila kukwaruzana. Lee-Enfield ina tabu hapo, sikufichi. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza, na askari akizipanga vibaya kwenye kibanio, kile kipande cha bati kinachoshika risasi, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ule wa chini, inamkwamia adui akiwa mbele yake. Wawindaji mpaka leo wanatengenezewa bunduki kwa komeo la mtindo wa Mauser, na hawakosei.

Mimi lakini Lee-Enfield niliijua kwa mkono kabla ya kuijua kwa macho. Babu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la Mwingereza la huku kwetu, akaenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika matope na mvua mpaka ikafika Kalewa. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Ukimuuliza, alikujibu kwa kukuuliza kama umeshakula. Jioni moja tu, nikiwa darasa la sita, aliuchukua mwiko mrefu wa bibi wa kusongea ugali, akaupachika begani, akanionyesha mkono unavyokwenda. Kidole gumba na cha shahada vinashika kirungu cha komeo na haviachii. Cha kati ndicho kinachofyatua. Juu, nyuma, mbele, chini, na cha kati kimeshavuta. Mkono hauna haja ya kurudi kwenye kifyatulio kwa sababu haukuondoka. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, lakini kwenye ule mwiko vilikwenda kama vya fundi cherahani. Bibi akaja kuudai mwiko wake, babu akaurudisha, na hakuonyesha tena.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini mkono ule ulikwenda haraka namna ile. Komeo la Lee unalizungusha nyuzi 60 tu, la Mauser nyuzi 90. Springi ya Lee inakazwa unapolisukuma komeo mbele, wakati mkono na bega vina nguvu, na ya Mauser inakazwa unapolinyanyua. Magazini ya Lee inabeba risasi 10, ya Mauser 5. Kabla ya vita vya 1914 askari wa miguu wa Uingereza alitakiwa apige risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja, umbali wa kama meta 270, na wako waliopita hapo kwa mbali. Halafu kuna urefu. Lee-Enfield fupi ina meta 1.13, Mauser ya 98 ina meta 1.25. Kwenye karatasi sentimita 12 si kitu. Pita nazo kwenye kichaka cha miiba kule Handeni, halafu uniambie.

Ila kuna jambo moja katika barua yako lililonikera kidogo, na nakwambia kwa sababu ni wewe. Unaandika kama vile askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, waliingia vitani wakiwa na hiyo Mauser ya 98. Mwaka 1914 wengi wao, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, walikuwa na babu yake, Mauser ya 71 (yaani ya 1871), bunduki ambayo jeshi la Ujerumani kwao lilikuwa limeiacha zamani. Inapiga risasi moja moja. Inatumia baruti nyeusi, ile ya moshi.

Mwaka juzi tulipokuwa tukichimba msingi wa uzio kwa shemeji upande wa Ras Kazone, jembe liligonga kitu, nikafikiri ni bomba. Lilikuwa ganda la risasi, limegeuka kijani kwa kutu ya shaba. Nimeliweka hapa mezani ninapokuandikia. Ni nene kama betri ndogo ya tochi, lina sentimita 6 kwa urefu, na mdomoni ncha ya kidole changu cha mwisho inataka kuingia. Milimita 11. Halina jina la mtu, wala siwezi kujua lilitoka siku gani. Ila najua lilivyotoka kwenye bunduki, kwa sababu Mauser ya 71 haikuwekewa kitu cha kulirusha ganda nje. Askari akishapiga analivuta komeo nyuma, ukucha unalitoa ganda chembani, halafu basi, linabaki limelala palepale. Inabidi aiinamishe bunduki upande wa kulia na kuitikisa kidogo ili ganda lidondoke. Ndipo achukue risasi nyingine mkandani, aitie kwa vidole, afunge. Fikiria kufanya hivyo ukiwa ndani ya wingu jeupe ulilolitengeneza mwenyewe, na kila aliye mbele yako ameshaona wingu hilo limetokea wapi.

Na kwa bunduki hizo, hapahapa mjini kwetu, Novemba 1914, watu wapatao elfu moja waliwarudisha baharini watu wa Mwingereza wapatao elfu nane. Unazijua habari za Jenerali Aitken aliyewaongoza hao wa Mwingereza, na nyuki waliowavamia vitani, sitakurudisha huko. Nitakukumbusha kitu kimoja tu: baadhi ya vikosi vilivyoletwa kutoka India vilikabidhiwa Lee-Enfield fupi muda mfupi kabla ya safari. Bunduki nzuri kuliko zote uwanjani ilikuwa mikononi mwa watu ambao vidole vyao havijaizoea, waliotoka kwenye meli baada ya majuma ya kutapika. Mkono wa babu ulichukua miezi kufundishwa. Hakuna mkono unaofundishwa melini.

Walipoondoka waliacha ufukweni bunduki nyingi za kisasa, bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa, na risasi zaidi ya laki tano. Lettow-Vorbeck akazichukua, akabadilishia kampuni tatu silaha. Unaona inavyoanza? Vita vina kama miezi mitatu tu, na tayari askari wa Mjerumani wanapiga kwa bunduki ya Mwingereza.

Miezi miwili baadaye, Januari 1915, wakapigana Jasin, kule mpakani karibu na Vanga. Wajerumani walishinda, lakini walitumia risasi laki mbili, na Lettow mwenyewe akapiga hesabu kwamba kwa mwendo ule anaweza kupigana vita vya aina hiyo mara tatu zaidi, basi. Hapo ndipo Mauser yako ya 98 inapoingia kwa wingi, na angalia ilivyoingia. Aprili 1915 meli ya Rubens ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya hapa, manowari ya Waingereza ikiipiga mizinga kwa nyuma. Ikazama kwenye maji mafupi. Waingereza walidhani imekwisha wakaondoka zao. Watu wakapiga mbizi usiku na mchana, wakatoa karibu bunduki 1,800 na risasi mamilioni, zote zimekunywa maji ya chumvi. Kambi nzima ikageuka karakana. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, maganda yakasuguliwa, yakajazwa upya. Hata hivyo si chache zilizokataa kulia. Mimi nikiiona Mauser ya 98 kwenye picha, nikalitazama lile komeo safi ulilolisifu, huwa nawafikiria wale waliokaa chini ya miembe wakianika baruti kama dagaa. Uzuri wa bunduki ile huku kwetu ulitegemea vidole vyao.

Na uzito, swahiba. Hili wewe hukuligusa kabisa. Risasi elfu moja za .303 ni karibu kilo 25, yaani mzigo kamili wa kichwa cha mtu mmoja. Risasi za Mauser ya 71 ni nzito zaidi, kwani kichwa chake peke yake ni gramu 25, kama mara mbili ya kile cha .303. Nani alibeba? Kariakoo ya kwenu Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na mimi siwezi kuisifu bunduki yoyote ya vita vile nikamruka aliyekuwa na sanduku kichwani, pekupeku, nyuma ya mwenye bunduki. Walikufa kwa maelfu na maelfu, wengi kwa njaa na kuhara damu, bila hata kupigiwa risasi. Ukinipa bunduki mbili zinazolingana, nitaichagua ile inayomfanya mbebaji atembee mara chache.

Sasa nifike nilipotaka. Baada ya Mahiwa, Oktoba 1917, risasi zisizo na moshi zilikuwa zimewaishia karibu kabisa, na akiba iliyobaki sehemu kubwa ilikuwa ya risasi za 71. Tarehe 25 Novemba 1917 wakavuka Ruvuma, wakaivamia ngome ya Wareno pale Ngomano. Walipata bunduki mamia na risasi zipatazo laki mbili u nusu, zikatosha kubadilishia silaha nusu ya jeshi. Za 71 wakazitupa. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, walipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala kule Zambia, zilihesabiwa bunduki 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Rafiki yangu, ya Kijerumani iko wapi? Haikushindwa kwa komeo wala kwa shabaha. Ilikosa chakula. Ya .303 ilikuwa na meli, reli, na maghala ya Kilindini nyuma yake, hata adui akala humohumo.

Najua utakachojibu: kwamba bunduki ya Kireno ya 1904 nayo ina damu ya Mauser. Ninayo habari hiyo, na nakubali kuwa ni nusu ya jibu. Nusu nyingine bado nakudai wewe.

Kwa hiyo ukiniuliza iliyo bora, ni Lee-Enfield, na sioni haya kwamba babu amo ndani ya jibu hilo. Ukiniuliza inayonishika moyo, ni ile ya 71. Nimejaribu kujieleza kwa nini na naona ni hili ganda. Mtu aliyelitikisa likadondoka alijua kwamba moshi umeshamtangaza, na bado akaingiza mkono mkandani kutafuta jingine. Nikiwa peke yangu nyumbani huwa nalipeleka mdomoni na kulipuliza, linatoa mlio mzito kama wa chupa.

Novemba njoo, usinipe sababu za kazi. Tutaanza Ras Kazone asubuhi kabla ya jua kali, tutembee mpaka kwenye reli kwa njia waliyopita wale wa India, nikuonyeshe pale jembe lilipogonga. Halafu nina ombi. Umesema binamu yako wa huko ana leseni na Mauser ya kuwindia. Mwombe akuruhusu uishike ikiwa tupu, uvute komeo mara kumi mfululizo bila kuitoa begani, ukihesabu sekunde. Uniandikie umepata ngapi, na uniambie kama kirungu kilikuchoma shavu.

Bibi mkubwa anakusalimu, anasema bado anakudai ile mbegu ya mkilifi.

Wako wa siku zote,
Mwenzako wa Chumbageni