Revu haziongezwi kwa laptopu peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa Nakuru wenye Subaru na Honda za mbio, na zaidi na wale wanaowazunguka na laptopu wakiwauzia revu, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Mimi ni fundi wa mashine huku Viwandani. Kazi yangu ni kubori silinda, kusaga krenki na kukalisha valvu, kwa hivyo mimi siletewi gari likiwa zima. Naletewa injini ikiwa vipande ndani ya karai.

Safari Rally ikishapita Naivasha, biashara hii ya laptopu huchangamka. Mwenye gari huambiwa kwamba kampuni ilifunga injini ikate mafuta kwenye revu 7,000 kwa uoga tu, na kwamba akitoa pesa limita itasogezwa hadi 8,000 na gari litapaa. Namba kweli hubadilishwa kwenye kompyuta ya gari, hata chai haijapoa. Vyuma vilivyomo ndani ni vilevile.

Tuanze na konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Katika kila mzunguko pistoni hupanda, ikasimama, ikageuza njia kushuka, ikasimama tena. Aliyewahi kusimama kwenye matatu dereva akakanyaga breki ghafla anaijua nguvu inayotaka kumrusha. Nguvu hiyo haipandi sawa na revu, hupanda kwa mraba wake. Ukitoka 7,000 hadi 8,000 umeongeza revu kwa asilimia 14 tu, lakini mvuto kwenye konrodi umeongezeka kwa takriban asilimia 31. Tena hatari kubwa haiko pale petroli inapowaka, kama wengi wanavyodhani. Iko pale pistoni inapofika juu ikimalizia kutoa moshi. Valvu ziko wazi, hakuna mgandamizo wa kuipunguza mwendo, na mzigo wote unaning'inia kwenye bolti mbili za konrodi. Bolti ikivutika, beringi inasagika na injini inanoki. Ninayo moja hapa mezani. Ukiitazama ni nzima, hata rangi haijabadilika. Ukiipima kwa maikromita unakuta imeizidi mwenzake kwa urefu, na shingo yake imekonda. Konrodi iliyoishikilia ilitokea ubavuni mwa bloku.

Watazameni Honda wenyewe. Gari lao la S2000 la lita 2.0 lina stroki, yaani safari ya pistoni kutoka chini hadi juu, ya milimita 84 na waliliruhusu lifike 9,000. Hapo pistoni inakwenda kwa wastani wa mita 25 kwa sekunde, kasi ambayo magari machache sana ya barabarani huifikia. Walipoongeza stroki hadi milimita 90.7 ili wapate lita 2.2, toleo walilouza Marekani kuanzia 2004, mstari mwekundu, yaani kikomo cha revu, waliushusha hadi 8,000. Wao ndio walioiunda, vipimo vyote wanavyo, na bado walishusha. Huyu wa kwetu anapandisha bila hata kujua stroki ya injini iliyo mbele yake. Niliwahi kumuuliza mmoja, akanijibu ni silinda nne.

Halafu springi za valvu. Kwenye revu 8,000 kila valvu hufunguka na kufunga mara 4,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 66 kwa sekunde moja. Springi iliyochoka, na injini nyingi zinazotoka Japani zimeshatumika miaka, haiwahi kuirudisha. Valvu inaachana na kemu, shafti inayoisukuma ifunguke, inaelea, pistoni inaikuta njiani. Ndipo naletewa pistoni yenye alama ya hilali kichwani na mwenyewe anauliza kama inawezekana kuipiga msasa.

Wapo wanaosema huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo revu zitafidia. Si uongo mtupu. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Revu zaidi huvuta hewa zaidi kwa dakika, mradi kemu na hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, ziweze kuipitisha. Zisipoweza, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inaanguka upesi kuliko revu zinavyopanda, na unachobaki nacho ni kelele. Na uzito wa pistoni ni uleule Mombasa na Nakuru. Hewa ikipungua, ule mvuto wa bolti haupungui hata kidogo.

Wenye kumtaja marehemu Colin McRae, dereva wa mbio, nao wajue kwamba Subaru Impreza yake iliyoshinda Safari mwaka 1997 ilipumua kupitia kizuizi cha hewa chenye tundu la milimita 34, kwa hivyo nguvu zake zilikuwa katikati ya revu. Kuipeleka juu sana kulikuwa kupoteza muda.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: limita hukata mafuta, haishiki magurudumu. Ukikosea ukaingiza gia ya pili badala ya ya nne ukiwa mbio, magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini, hata ungekuwa umeweka limita 6,000.

Sipingi injini kuongezwa revu. Ni kazi nzuri na naipenda. Lakini huanza kwa bolti na konrodi zilizopimwa uzito, springi ngumu, pampu ya oili inayotosha, kemu inayolingana na revu hizo, kisha gari lipimwe nguvu kwenye mashine ndipo laptopu ifunguliwe. Gharama yake si ya mchezo, na gari lenyewe baadaye halifai foleni ya barabara ya Eldoret. Anayeitaka hivyo aje na hedi imefunguliwa. Bei ya springi nitamwambia, na kiti cha kukalia kipo.

Fundi wa mashine,
Viwandani, Nakuru