Duka la bangi litakuja tu, swali ni litawekwa wapi

Mhariri, salamu na pole na kazi.

Naandika kuhusu haya mambo ya maduka ya bangi hapa Minnesota, maana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu wanagombana kila siku juu ya kitu ambacho kilishaamuliwa zamani. Huyu anasema ni dhambi, yule anasema ni mmea tu Mungu aliumba, mwingine anatupia klipu ya pasta wa Nairobi, basi kelele hadi usiku wa manane. Jamani, gavana Walz alisaini ile sheria Mei 2023, na kuanzia Agosti 1 mwaka huo huo mtu wa miaka 21 kwenda juu anaruhusiwa kuwa nayo na hata kupanda miche 8 nyumbani kwake. Hiyo ngoma ilichezwa St. Paul, makao makuu ya jimbo, ikaisha. Inayochezwa sasa iko kwa madiwani wa mji wako na huko ndiko hatuonekani kabisa.

Wengi wetu tunadhani jiji linaweza kusema hapa kwetu hatutaki, kwisha. Haliwezi. Wanachanganya na New Jersey, kule miji ilipewa hadi Agosti 2021 kuamua na mingi sana ikapiga marufuku, sasa mtu ana ndugu Jersey City anasikia stori anafikiri na huku ni vile vile. Hapa jiji linaruhusiwa kuweka kikomo cha idadi, lakini kikomo chenyewe hakishuki chini ya duka moja kwa kila wakazi 12,500, labda kama kaunti nzima imeshafikisha hiyo hesabu. Mji wa watu 50,000 ukitaka kubana sana mwisho wake ni maduka 4. Kwa hiyo ukienda kusimama mbele ya meya ukasema hatutaki hata moja watakusikiliza kwa adabu, watakushukuru, halafu wataita anayefuata.

Kitu ambacho madiwani wanaweza kuamua ni pale duka litakapokaa na saa za kufungua. Sheria inawaruhusu wakatae duka lililo ndani ya futi 1,000 kutoka shule, hiyo ni kama mita 300, na futi 500 kutoka deikea (kituo cha kulea watoto mchana), kituo cha matibabu cha kulala, au sehemu ya watoto kuchezea kwenye paki, yaani bustani ya umma. Angalia vizuri hapo nimesema inawaruhusu. Haijawalazimisha! Madiwani wasipopitisha kwamba tunataka hizo futi, hazipo, na wakipitisha pungufu basi ndiyo hiyo hiyo. Na kanisa halipo kwenye orodha, msikiti haupo. Nimesikia wachungaji wetu wawili watatu wakituliza waumini kwamba sheria inalinda nyumba za ibada, sijui walisoma wapi maana kwenye hiyo orodha ya futi haimo. Kanisa letu lenyewe limepanga ukumbi kwenye jengo la maduka, kushoto kuna saluni ya kusuka, kulia kuna chumba kimeandikwa kinapangishwa tangu mwaka jana, na mwenye jengo hana sababu ya kumkatalia mpangaji mwenye laisensi na hela mkononi.

Sasa ukichukua ramani ya mji ukachora duara la hizo futi kila penye shule, kila penye paki na kila penye deikea, unabaki na nini? Unabaki na ile barabara kubwa yenye vituo vya mafuta, maduka ya matairi, maduka yetu ya unga na mihogo, na nyuma yake apatimenti tunazokaa sisi. Upande wa pili wa mji wenye nyumba kubwa na nyasi nzuri hauna hata eneo la biashara, kwa hiyo hakuna diwani wa huko atakayekosa usingizi. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga kutuonea, ila duara zikichorwa bila sisi kuwepo zitaangukia kwetu tu, na tukishtuka tutaanza kulia ubaguzi wakati karatasi ilishasainiwa.

Nilihudhuria kikao kimoja cha hayo mambo. Kilianza saa moja jioni, na hapo hapo mnajua tatizo, nusu yetu wako shifti ya saa tisa mchana hadi saa tano usiku kwenye nyumba za wazee, na waliobaki ndio wanajiandaa kuingia ya usiku. Tangazo lilikuwa la Kiingereza limefichwa katikati ya mambo ya mabomba ya maji na leseni ya hoteli moja. Ilipofika zamu ya bangi meya akafungua maoni ya umma, akasimama mzee mmoja Mzungu akalalamika kuhusu parking, akasimama mama mwenye deikea akataka umbali uongezwe, na baada yake mwenye kutafuta laisensi akajieleza vizuri tu na suti yake. Meya akauliza kuna mwingine, kimya, akagonga nyundo yake akafunga. Mwafrika nilikuwa mimi peke yangu na sikusema kitu maana sikujua hata kama asiye raia anaruhusiwa kuongea, na kumbe anaruhusiwa, hawaulizi pasi, unaandika jina na anuani unaongea.

Halafu hii ya pesa. Utasikia diwani anasema maduka yataleta hela za barabara na vijana. Muulize hela zipi. Jiji haliruhusiwi kuweka kodi yake ya bangi peke yake, na mwaka 2025 bunge la jimbo lilipandisha kodi ya bangi kutoka asilimia 10 hadi 15 na wakati huo huo likafuta ule mgao uliokuwa uende kwa miji na kaunti. Jiji linabaki na ada ya kusajili duka, ambayo ni kidogo, na kazi ya kwenda kukagua kila duka angalau mara moja kwa mwaka kama linauzia watoto. Ndiyo maana mji kama Anoka uliamua kufungua duka la jiji lenyewe kama wanavyofanya na pombe miaka yote, faida ibaki nyumbani. Mimi sivuti na sipendi harufu yake, lakini hilo wazo halinikeri hata kidogo, duka linaloangalia kitambulisho ni afadhali mara mia kuliko yule kijana anayeuza kwenye parking ambaye haulizi miaka.

Na wenye kutaka kufungua biashara wafungue, kuna wenzetu wameomba na sina ubaya nao. Ila hapa naomba mnisikie vizuri wale wenye grinkadi na wanaosubiri karatasi: sheria ya serikali kuu ya Marekani haijahalalisha hii kitu. USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, walitoa mwongozo Aprili 2019 wakasema hata kufanya kazi kwenye biashara ya bangi iliyo halali kwa jimbo kunaweza kukuharibia maombi ya uraia. Siyo kuvuta tu, hata kazi ya dukani! Na hawa watu wakifungua karibu na apatimenti zetu wataajiri vijana wetu, saa zuri, mshahara mzuri, nani atamwambia huyo kijana kabla ya kusaini? Mwajiri hana shida naye. Jiji lingeweza angalau kusambaza karatasi ya onyo kwa lugha zetu wakati wa kusajili duka, hilo ni ombi ambalo mtu anaweza kusimama akalisema na diwani akalijibu.

Kwa hiyo mhariri, badala ya kuchapisha tena ule mjadala wa dhambi na mmea, naomba muwe mnaweka tarehe za vikao vya mipango miji vya hii miji yetu ya kaskazini, pamoja na namba ya karani wa jiji ili mtu apige mapema aombe mkalimani wa Kiswahili. Asiyeweza kufika kwa sababu ya shifti atume barua pepe kabla ya kikao iingizwe kwenye kumbukumbu. Na wachungaji waangalie mlango wa pili wa jengo lao kabla ya kusaini mkataba mwingine.

Msomaji wenu,
kaskazini mwa Minneapolis, Minnesota