Usilipie kwanza

Tanga, Jumapili

Kaka Hamisi,

Salaam. Huku wazima, mama anakusalimia, joto unalijua. Nimeshika kalamu haraka kwa sababu Baba Shani kaniambia uhamisho wa Lushoto umetoka, na kwamba umeshaipenda baiskeli ya mashindano kwa yule wa mitumba, kisa ina gia 12. Tafadhali, hela isikutoke kwanza.

Angalia meno ya sproketi, yale magurudumu madogo yanayoshika cheni, kaka, wingi wa gia uache. Kanionyesha picha: mbele 52 na 42, nyuma 13 mpaka 23. Chukua ile nyepesi kuliko zote, 42 kwa 23. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu linakwenda mara 1.8; zikipungua, mpando unakuwa mwepesi. Kwa Phoenix yako unayoendesha sasa, 44 kwa 20, linakwenda 2.2. Sasa hapo umenunua nini? Mombo mpaka Soni ni kona na mpando, kona na mpando, na Lushoto yenyewe iko mita kama 1,400 juu ya bahari. Sisi tumezoea tambarare, adui yetu upepo tu. Na hiyo 52 kwa 13 utaikanyagia wapi? Kushuka Soni mtu anataka breki.

Halafu nakujua unavyoendesha. Huzungushi haraka, unasimama unakandamiza, na goti lile bado. Juu yake madaftari ya darasa zima kwenye keria!

Tafuta ya milimani, yenye sproketi tatu mbele, ndogo iwe meno 22, na nyuma kubwa iwe 28. Hapo pedeli ikimaliza mzunguko, gurudumu bado halijamaliza wake. Utakwenda taratibu, lakini utapanda umekaa. Ukipata 34 nyuma ni raha zaidi, ila fundi ahakikishe cheni inatosha na ule mkono unaoivuta ni mrefu, usije ukakatika njiani. Pesa ikigoma, bakia na Phoenix uifungie frewili, sproketi ya nyuma, ya meno 22. Nafuu ni ndogo, gurudumu litakwenda mara 2, lakini kuliko kutoa hela yote kwa ile ya mashindano, afadhali.

Shule iko mjini au juu kuelekea Magamba? Njia lami au vumbi? Shemeji na watoto wanakufuata lini? Umeshaacha kishika uchumba kwa muuzaji? Na ile ya kijani aliyokuwa nayo, ameshaiuza? Kama ipo, nihesabie meno ya sproketi mbili tu, ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, unipigie kabla hujamjibu.

Nduguyo,
Saidi