Barua ya wazi kwa vijana mliotoka JKT mkakosa ajira

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliojitolea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mkapigishwa kwata, mkafundishwa silaha, kisha mkarudi nyumbani na cheti mkononi. Najua mnayotumiana kwenye simu: kazi ya ulinzi Urusi, kazi ya ulinzi Uarabuni, mshahara wa dola, tiketi juu ya mwajiri. Siwakatazi kutafuta riziki. Nataka mjue tu kazi hiyo, ambayo ikishavuliwa jina la ulinzi ni umamluki, yaani kupigana vita vya wengine kwa malipo, huwafanyia nini watu wa nchi nyingine.

Tazameni Komoro, hapo jirani. Walijitangazia uhuru Julai 6, 1975, rais wao akiwa Ahmed Abdallah. Hata mwezi haukuisha, akapinduliwa. Watawala wapya wakamkodi mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, kwenda kumkamata Abdallah kisiwani Anjouan. Mei 13, 1978, Denard huyohuyo akashuka usiku na watu kama 50, akampindua Rais Ali Soilih, mmoja wa watawala hao aliokuwa amewatumikia, na Abdallah akarudishwa madarakani. Soilih akapigwa risasi akafa kabla ya mwezi kwisha. Ikasemwa alijaribu kutoroka.

Wakomoro walikuwa wapi katika haya yote? Majumbani mwao, wakisikiliza redio kujua nani anawatawala. Na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Khartoum Julai ile, wajumbe wa Komoro wakatolewa nje kwa sababu nchi yao ilikuwa mikononi mwa mamluki.

Denard akaunda Gadi ya Rais, maofisa Wazungu juu, Wakomoro chini. Fedha za kuiendesha, hapa ndipo damu inaponichemka, zilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Sisi huku tulikuwa tukiwahifadhi wapigania uhuru Kongwa na Mazimbu, na ng'ambo ya maji tu visiwa vya Waislamu wenzetu wa pwani vimegeuzwa kituo cha Pretoria bila wenyewe kuulizwa. Machi 1985 baadhi ya askari wa gadi walipojaribu kuasi, wapinzani wa serikali walikamatwa, wakateswa, wakafungwa. Ungemshtaki nani? Gadi ilikuwa na nguvu kuliko mahakama.

Novemba 1989 Abdallah akauawa ikulu, Denard akiwa naye chumbani. Miaka kumi baadaye mahakama ya Paris ikamwachia Denard huru katika kesi ya mauaji hayo. Kabla ya kesi hiyo, mwaka 1995, alikuwa amekwisha kurudi tena Komoro na mashua za mpira, akamteka Rais Djohar, hadi jeshi la Ufaransa lilipokuja kumwondoa. Kwa mapinduzi hayo alihukumiwa 2006 kifungo cha nje. Mwaka mmoja baadaye akafa, mzee wa miaka 78. Watu wanaosimulia habari zake kama filamu huniudhi sana.

Mtaniambia hayo ni ya zamani. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, Waromania karibu 300 waliokodiwa upande wa serikali walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakavushwa Rwanda, wakapanda ndege kurudi kwao. Walikuwa wakilipwa maelfu ya dola kwa mwezi, na askari Mkongomani aliyesimama nao hakupata hata sehemu ndogo ya hizo. Watu wa Goma wao hawakuwa na ndege ya kupanda.

Sasa niwageukie ninyi wenyewe. Msijilinganishe na Denard. Yeye alikuwa na wakubwa wa kumtetea Paris. Ninyi mtafanana zaidi na yule Mmarekani mwenye mke, watoto na madeni, aliyetangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya vita. Alikuwa Angola siku chache tu alipokamatwa. Luanda 1976 walishtakiwa mamluki 13, wanne wakapigwa risasi, naye mmojawapo. Mwaka uliofuata Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, sheria za kimataifa za vita, ikaandika, ibara ya 47, kwamba mamluki hana haki ya kuhesabiwa mfungwa wa vita. Wakili atawaambia tafsiri ya mamluki humo ni finyu, na ukiandikishwa rasmi katika jeshi la nchi hauhesabiwi hivyo. Ni kweli. Lakini siku ya kukamatwa wakili huyo hayupo.

Na mwenzetu Mtanzania aliyekwenda Moscow masomoni, akafungwa, akaahidiwa msamaha akijiunga na Wagner, kikundi cha mamluki wa Kirusi? Aliuawa Ukraine Oktoba 2022. Nyumbani alirudi ndani ya jeneza.

Kwa hiyo anayekuja na kazi, muulizeni anayelipa ni nani: serikali, kampuni, au mtu asiyetajwa. Muulizeni mtabeba silaha dhidi ya nani, na wenye nchi wameridhia lini. Akisema mtajua mkifika, msiende. Mkataba ulioandikwa kwa lugha msiyoisoma, mtafuteni anayeisoma kabla ya kutia saini. Pasipoti asishike mtu mwingine. Nakala ya kila karatasi iachwe kwa mama, au kwa dada mwenye akili timamu, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu kule mnakokwenda.

Ni mimi mzee wenu, Morogoro.