Hata mwenye damu chanya apimwe kingamwili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wajawazito wenye damu ya Rh hasi, yaani isiyo na alama iitwayo D, ilieleza vizuri sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili (protini za kinga) za kushambulia alama hiyo katika damu ya mtoto: karibu wiki ya 28, kisha tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya. Lakini msomaji mwenye damu chanya ataiweka kando akiamini hayamhusu. Nami niliamini hivyo.

Damu yangu ni A chanya. Nilipojifungua mara ya kwanza nilitokwa na damu nyingi, nikaongezewa. Hakuna aliyeniambia kwamba chembe nyekundu zina alama nyingine mbali na D, kama c ndogo, E na K, na kwamba mwili usio na alama hiyo ukikutana nayo katika damu ya mwingine unaweza kuitengenezea kingamwili. Mama hahisi chochote. Akishika mimba, kingamwili hupenya kondo la nyuma na kuvunja chembe za mtoto; ile ya K huzuia hata chembe mpya zisitengenezwe. Anti-D haisaidii hapo.

Mwanangu wa pili alianza kugeuka manjano siku ileile aliyozaliwa. Nikaambiwa ni kawaida ya wachanga, nimwoteshe jua. Si kweli! Manjano ya siku ya kwanza yanahitaji kuwahiwa haraka, kwa sababu bilirubini, ile rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizovunjika, ikizidi huingia ubongoni, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au ashindwe kutawala viungo vyake maisha yote. Mkunga mmoja alikataa kungoja, na namshukuru hadi leo. Mtoto aliwekwa chini ya taa ya bluu, kisha akabadilishiwa damu. Kipimo kilionyesha anti-c, yaani kingamwili dhidi ya ile alama ya c ndogo.

Tuliruhusiwa tukidhani yamekwisha. Wiki ya tatu akapauka, akawa anasinzia titini kabla ya kushiba. Kingamwili zangu zilikuwa bado zinafanya kazi ndani yake, akahitaji kuongezewa damu tena.

Kingamwili zikigunduliwa mapema, daktari hufuatilia kwa ultrasaundi kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto. Ikibidi, huongezewa damu akiwa bado tumboni, tiba aliyoianzisha William Liley huko New Zealand mwaka 1963.

Naomba mwandike makala nyingine, safari hii kwa kila mjamzito, hasa aliyewahi kuongezewa damu: aulize kliniki kama amepimwa kingamwili, si kundi la damu peke yake.

Mama wa watoto wawili